Kucha Tisa za Yunisi na Pamba ya Sista Getruda

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya uuguzi, Sista Getruda Simbeye anastaafu. Alianzia Itumba, kisha akaletwa hapa kituoni kwetu Tunduma "kwa muda". Muda wenyewe ndio unaisha sasa.

Wageni walidhani anawasalimia kwa mkono, kumbe anakagua kucha. Vidoa vyeupe, ambavyo watu husema ni dalili ya nguo mpya, yeye alisema mara nyingi ni kujigonga tu, nguo kanunue. Ila mstari mweusi uliozuka kwenye kucha moja hakuucheka: alikupeleka kwa daktari mwenyewe.

Kukosea alikosea. Bwana Sadoki, muuza jinzi za mtumba, alikuja kung'oa jino. Sista akaona kucha za bluu, akaamua hewa haimtoshi, akamlaza na kumwekea oksijeni. Sadoki akalalamika ndani ya barakoa kwamba kinachouma ni gego. Kumbe ilikuwa rangi ya jinzi alizofua asubuhi. Tangu hapo ikawa sheria: pamba ya spiriti kwanza, hofu baadaye.

Sheria hiyo ikamkuta Yunisi wa kule mtaani Mpemba, aliyekuja akihema kwa kupanda ngazi mbili tu, sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikiwa Jumamosi ile. Kucha zake zilikuwa za bandia, nyekundu, zimebandikwa jana yake. Pamba haikufua dafu. Akasema heri azimie ukumbini kuliko kuzibandua.

"Mwanangu, ukumbini hakuna kitanda," Sista akamwambia. "Nipe kimoja tu, hicho kidogo."

Wakabishana mpaka foleni nzima ikaanza kutoa ushauri. Kidole kikasalimishwa, kucha ya bandia ikabanduliwa. Kucha ya chini ilikuwa imepauka, imebonyea kama kijiko. Sista husema kucha huuliza, maabara ndiyo hujibu. Na maabara ikajibu kwamba damu imebaki kidogo mno. Yunisi akalazwa, akaongezewa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Sendofu ikasogezwa wiki moja, mama mkwe akanuna.

Siku ilipofika, bibi harusi alicheza mpaka MC akaomba maji. Mashangazi wakaona kucha tisa, wakadhani ndiyo fasheni. Saluni za Mpemba zilihangaika msimu mzima.

Leo Yunisi ndiye mwenyekiti wa kamati ya chakula ya sherehe hii ya kumuaga Sista. Nyama ipo, lakini bila mboga za majani na maharage hupewi, na hataki mjadala.

Sista Getruda, asante sana. Nenda ukapumzike salama kwenu Ileje, uishi miaka mingi yenye afya na kicheko.