Mwalimu Matofali na Nyumba Isiyoezekwa

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mwalimu Matofali, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi huo hakuuacha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akasomea ualimu, kisha akafundisha darasa la awali hadi alipostaafu mwaka 2011. Matofali yake yalikuwa ya mbao. Watoto waliyapanga sakafuni, yakaanguka, wakayapanga tena. Humo walijifunza kuhesabu, kupima, kungoja zamu na kugombana bila kung'atana. Baba mmoja alikuja juu: "Mwalimu, mwanangu kutwa anacheza. Ataandika lini?" Akajibiwa, "Karibu chini, baba. Jenga daraja lisimame." Lilimshinda, mwanawe akamwonyesha. Mwiko wa darasa ulikuwa mmoja: mkubwa asimwekee mtoto tofali. "Mkono wake ndio unaofikiri," alisema.

Tarehe 14 Agosti 1976 aliolewa na seremala aliyekuwa akimrandia matofali hayo. Walijaliwa binti mmoja. Seremala alitangulia mwaka 2009. Mwaka 2013 binti alihamia ng'ambo kikazi, pamoja na mwanawe wa miaka mitano. Asubuhi ya safari mjukuu alikuwa akijenga nyumba sebuleni kwa matofali ya bibi yake.

"Bibi, usivunje. Nitarudi kuiezeka."

Hakuvunja. Alifagia kuizunguka, na wageni wakapita upandeupande. Simu zikapungua. Upweke ulimtafuna, tusidanganyane. Jioni alikaa mbele ya ile nyumba akiongea nayo.

Moyo ulipoanza kumsumbua mwaka jana, jirani yake muuguzi alitaka kuondoa matofali ili kitanda kikae karibu na dirisha.

"Acha," alimwambia. "Mwenyewe hajamaliza."

Alifariki usingizini tarehe 2 Juni 2025.

Ameacha binti, mjukuu, mdogo wake anayesoma wasifu huu, na watu wazima wengi waliowahi kupiga magoti kwenye sakafu ya darasa lake.

Jana mjukuu aliwasili, sasa msichana wa miaka kumi na saba. Aliyatazama matofali akauliza, "Kuna mtoto anaishi hapa?" Hakukumbuka kitu. Mama yake alipomweleza, alikaa chini, akaanza kuezeka. Paa likaporomoka. Akaanza tena, likaporomoka tena, naye akilia. Tulisimama mlangoni, na hakuna aliyenyoosha mkono, hadi paa likasimama.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Mwenyewe amemaliza.