Dkt. Ikram na Undugu wa Kemikali

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dkt. Ikram Mbwana anastaafu baada ya miaka ishirini na nane katika maabara yetu ya utafiti wa dawa za malaria hapa Korogwe. Mzaliwa huyu wa Chanika, Handeni, alikuja akiwa mkemia kijana, na hakuna aliyewahi kunywa naye chai bila kuulizwa swali.

Kwenye harusi ya fundi wetu Shukuru, kule Kwashemshi, alitupotea. Tulimkuta jikoni akimhoji mpishi kwa nini ndizi zake haziwi nyeusi. Picha ya pamoja ilipigwa bila yeye.

Lakini sifa yake kubwa ni maktaba ya kemikali. Watafiti huiita hivyo akiba ya maelfu ya kemikali zilizomo kwenye friza, kila moja matone machache tu, zinazosubiri kujaribiwa kama zinaua vimelea. Tone likishatumika, limekwenda. Tulikuwa tumemaliza zaidi ya nusu bila kupata kitu, wafadhili wakasema hawaongezi.

Dkt. Ikram alishauri tuchanganye kemikali kadhaa katika jaribio moja ili kuokoa matone. Ikashindikana: ziliharibiana, majibu hayakusomeka. Siku ile hakugusa chakula. Mkuu wetu, Dkt. Bonaventura, alikuwa tayari kufunga kazi.

"Dokta, tumebakiwa na nini?" alimuuliza.

"Matone machache. Lakini kemikali nazo zina undugu. Tumwite mmoja kutoka kila ukoo. Atakayeonyesha dalili, ndipo tuwaite nduguze."

Tukazipanga upya kwa kufanana kwa maumbo. Wawakilishi karibu wote walikuwa kimya. Mmoja tu alipunguza vimelea, tena kidogo mno, na wengi wetu tulisema ni bahati. Yeye akaomba nduguze. Mmoja wao alivimaliza vimelea vyote. Tukarudia, ikawa vilevile. Sisi tulipiga vigelegele. Yeye alivuta kiti, akauliza, "Kwa nini huyu, na si yule wa jirani?"

Bado si dawa. Uchunguzi unaendelea, na huenda ukaishia njiani. Ila friza ina akiba, na hapa hakuna tena anayeanza kazi bila kutafuta undugu kwanza.

Dokta, ahsante kwa subira na maswali yako. Nenda salama shambani kwako Kwaluguru. Tunakuombea afya, mvua za wakati, na usingizi usiokatizwa na sisi kukupigia simu kwamba umeme wa friza umekatika.