Mzee Mara Moja na Kibwagizo Chake

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi kifungua mimba wake nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mara Moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma hadi kidato cha nne, na tarehe 2 Januari 1968 akaajiriwa gazetini kuwa msahihishaji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2008, akifuta kila neno lililojirudia, hata kwenye matangazo ya vifo, na nyumbani nako ukimwomba kitu mara ya pili alikuuliza kama ile ya kwanza ilikuwa na kasoro.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa kurudia jambo mpaka likuingie, wakajaliwa watoto watatu, nasi tukalelewa kwa vicheko katikati ya hao wawili.

Mama alipofariki tarehe 20 Mei 2015, baba hakulia, hakula vizuri wala hakusema, tukaogopa kwamba naye tunampoteza, mpaka alipotoka chumbani na shairi la beti saba, kila ubeti ukiishia na kibwagizo kilekile, "Njoo mke wangu njoo, chai yako inapoa," akalipeleka gazetini, na dada mmoja wa pale aliyerithi meza yake ya usahihishaji, ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akakiacha kibwagizo kwenye ubeti wa kwanza, kwingine kote akakifyeka.

Tulijua patachimbika. Baba alikwenda ofisini na gazeti kwapani, akacheka mpaka akashika meza, akamwambia, "Binti yangu, umefanya nilivyokufundisha, ila nilikufundisha nusu. Namwita, haji, ndiyo maana namwita tena," na kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu msiba, na Jumapili iliyofuata shairi likatoka zima. Akaanza kula, akaanza kutusimulia habari za mama, zilezile kila jioni, wajukuu wakimmalizia sentensi.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, na alfajiri ya Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, alituaga, baada ya kuniagiza, kwa utani wake, kwamba historia hii isiwe na neno la ziada. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa gazetini.

Baba, pumzika kwa amani.

Baba.

Baba yetu, pumzika.