Yustina wa Kitaya Hakuwa Daktari

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo namkumbuka Yustina Mapunda, muuguzi wa zahanati ya Kitaya, aliyezikwa juzi mjini Mtwara. Nasema muuguzi. Lishikeni neno hilo, maana mimi sikulishika.

Yustina alizaliwa Songea. Baba yake alipopata kazi bandarini, familia ikahamia Mtwara, naye akasomea uuguzi. Kitaya, kando ya mto Ruvuma, alifika mwaka 1966. Alisafisha vidonda, alichoma sindano, alizalisha. Mgonjwa aliyemzidi uwezo alimwandikia barua ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mwaka 1968 nilikwenda Kitaya na mashine yangu ya kurekodi. Wenyeji walimwita dakitari, kama wanavyomwita kila avaaye nguo nyeupe. Nami nikaona jina linanoga. Nikatangaza hapa hapa: "Daktari Yustina, mkombozi wa Ruvuma."

Wiki ya pili ikaja barua yake. "Kaka mtangazaji, mimi ni muuguzi. Tafadhali rekebisha, watu wataniletea nisiyoyaweza." Nilicheka, nikaitia kwenye mtoto wa meza.

Haikupita miezi mitatu. Abdallah, mkulima wa korosho kule Mpapura, mkewe Hadija alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto amekwama. Angeweza kushika njia ya hospitali ya Mtwara. Akaipa kisogo, akamleta Kitaya.

"Dakitari, tumekuja kwako. Redio imesema."

"Baba, mimi nesi. Huyu anataka kupasuliwa. Nikimkata hapa nitamuua."

"Unatukatalia kwa kuwa sisi watu wa shamba?"

Yustina hakushika kisu. Alisimamisha lori la korosho, akapanda nyuma na Hadija, akamshika mkono mpaka Mtwara. Hadija alipona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Tangu hapo watu wa Mpapura walimwita daktari mwenye roho mbaya. Yeye aliandika taarifa kwa wakubwa wake: saa aliyompokea mgonjwa, saa waliyoondoka, alichofanya na asichofanya. Jina langu hakulitaja.

Habari hizo zilinifikia. Sentensi moja tu ingetosha. Niliona haya, nikanyamaza miaka saba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu sasa ana umri wa kuanza shule.

Msibani, Martha, mdogo wake Yustina, alinipa chai. Akasema, "Kaka, dada hakukukasirikia. Ila kila Jumapili alifungulia kipindi chako. Tukimuuliza, anasema labda leo atarekebisha."

Chai ile sikuweza kuimaliza.

Pole Martha, na jamaa wote. Poleni Abdallah na Hadija. Mdomo huu ndio uliowapoteza njia. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjampa mtu cheo, muulizeni kwanza kama ni chake.

Leo ni Jumapili. Yustina, sentensi yako hii hapa. Yustina Mapunda wa Kitaya hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi, na alijua kazi yake inaishia wapi.