Raymundi Shilinde, Mpiga Picha wa Mabega (1904–1959)

Picha iliyobandikwa mbele ya karatasi hii si ya kisigino. Inafaa jambo hilo lisemwe mapema, kwa kuwa mpwa wa marehemu, Modest Luhende, aliyepewa na familia kazi ya kuandika wasifu huu, ndivyo alivyodhani alipoiona juzi katika chumba cha giza cha studio ya marehemu pale Chemchem, Tabora. Aliona ngozi nene iliyopasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, akamuuliza Imakulata, binti wa marehemu, kwa nini baba yake alipoteza filamu kwa mguu wa mtu.

"Kaka, hilo ni bega," alijibu Imakulata, mikono yake ikinuka dawa ya kusafishia picha. "Umeishika juu chini."

Hata baada ya kuigeuza, Modest alishauri itafutwe picha ya marehemu mwenyewe, yenye uso, koti na tai, kama ilivyo desturi. Mjane, Mama Apolinaria, alikataa. "Ni hiyo," alisema. Modest alisoma Makerere na amefundisha miaka mingi, lakini hakupata hoja ya kuyashinda maneno hayo mawili. Bega likabandikwa, naye akarudi mezani akiwa amenuna, akaanza kuandika.

Marehemu Raymundi Shilinde alizaliwa Goweko tarehe 3 Machi 1904, mtoto wa pili wa Mzee Shilinde na Mama Nyamizi. Baba yake alijulikana Goweko nzima kuwa aliwahi kuwa mnyampara, yaani kiongozi wa wapagazi, katika misafara iliyopita Tabora kati ya pwani na Ujiji kabla reli haijafika. Mnyampara hakubeba mzigo; alishika fimbo na kutoa amri. Mzee Shilinde alisimulia habari hizo kwa fahari kila penye kikao. Alikuwa pia mtu nadhifu, asiyevua shati mbele ya watu hata wakati wa kulima.

Mwaka 1912 marehemu alipelekwa shule ya misheni mjini Tabora. Siku ya kuondoka, baba yake alifungua sanduku lake uani na kuanza kutoa vitu kimoja kimoja. "Hiki cha nini? Na hiki kitakufaa nini huko?" Sanduku likabaki na blanketi, sahani na kitabu cha sala. Mama Nyamizi alilalamika kwamba mtoto ataonekana yatima. Mzee akalipima sanduku begani, akalihamisha upande wa pili, akasema, "Sasa linabebeka." Masomo yalikatizwa mwaka 1916 Wabelgiji walipoingia Tabora, yakaendelea baada ya vita, na marehemu akahitimu mwaka 1923.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Usoke. Huko ndiko alikoanza kupiga picha, baada ya kununua kamera ya mbao yenye miguu mitatu kutoka kwa ofisa mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Mwaka 1938 aliacha kazi ya reli na kufungua studio Chemchem. Wateja walimpenda, kwa sababu hakukata miguu ya mtu. Aliyenunua viatu vipya alivikuta vyote viwili pichani.

Kama marehemu angeridhika na viatu, wasifu huu ungekuwa mwepesi kuandika. Lakini mwaka 1946 aliingiwa na wazo ambalo halikumwachia raha hadi mwisho. Wazee waliobeba pembe za ndovu na mizigo ya vitambaa katika njia ya misafara walikuwa wakifa mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na sugu begani, mahali mzigo ulipokaa kwa miaka, na hakuna sugu mbili zilizofanana. Marehemu alitaka kuzipiga picha zote, kutoka Goweko hadi Usoke na mbele zaidi, kwa ukaribu kiasi cha mtu kuona kila mstari wa ngozi. Zaidi ya yote alitaka bega la baba yake. Alisema hata mnyampara lazima alianza mahali fulani.

Kamera ya mbao haikuwa chombo cha safari hiyo. Kwa baiskeli, katika mchanga wa njia za ndani, ilimtoa jasho na kumwangusha. Aliwahi kununua lenzi ndefu ya kuvuta mbali, nzito kama jiwe la kusagia, akaichukia. "Inaniletea mtu karibu huku mimi mwenyewe nimebaki mbali," alisema. Akajaribu lenzi pana, ambayo ilichukua nyumba nzima, na mzee aliyeketi mlangoni akawa mdogo kama sisimizi. Akaziuza zote mbili, akanunua kamera ndogo ya kukunja inayoingia mfukoni mwa koti. Kabla ya kila safari alitandaza vifaa vyake mkekani na kuvihoji kama alivyofanya baba yake. "Wewe kioo cha manjano, utanifaa nini Usoke? Kuonyesha mawingu? Haya, panda." Kikinga jua cha lenzi alikitengeneza kwa kopo la maziwa. Miguu mitatu aliiacha nyumbani, akaegemeza kiwiko ukutani. Mara moja alipunguza mizigo hadi akafika Usoke bila filamu. Mkoba ulikuwa mwepesi sana siku hiyo.

Ubaya wa kamera ile ni kwamba haikuona vizuri kitu kilicho karibu. Ilihitaji kioo kingine cha kuvishwa mbele ya lenzi, ambacho marehemu alikiita kioo cha karibu. Aliagiza kutoka duka la vifaa vya picha Nairobi. Kikaja kipana, kikacheza mbele ya lenzi kama kofia ya kuazima. Akakirudisha. Kikaja chembamba, hakikuingia. Akakirudisha. Kikaja chenye upana sahihi lakini nguvu yake haikutosha, bega likabaki mbali kama lilivyokuwa. Rafiki yake, Mzee Twalibu Shomari, fundi saa wa Chemchem, alimkuta akikifunga kile kipana kwa mpira wa baiskeli.

"Raymundi, unapiga picha au unaziba pancha?"

"Natafuta karibu, Twalibu."

"Karibu unaambiwa kila mlango wa Tabora. Kioo ndicho huna."

Kisha kulikuwa na kamba. Kioo cha karibu huona sawasawa kwa umbali mmoja tu, na ukisogea kidogo kila kitu hufifia. Kwa hiyo marehemu alifunga uzi kwenye kamera, akapiga fundo mahali panapotakiwa, na fundo hilo lilipaswa kugusa bega la mzee kabla ya kupiga. Wazee walipoona mtu anawanyoshea uzi, waliondoka. Mmoja kule Usoke aliinua fimbo. "Unanipima sanda na ugali wangu bado uko motoni?" Marehemu alieleza habari za lenzi. Mzee akamwambia fundi jeneza naye huwa anaeleza. Kwa njia hiyo, kwa miaka sita ya kupanda treni na kusukuma baiskeli, alipata mabega machache, na mengi yalikuwa na ukungu. Alirudi nyumbani akiwa mkali, akalala bila kula.

Baba yake ndiye aliyemshinda kabisa. Mwaka 1951, Goweko, Modest mwenyewe akiwapo, marehemu alimwomba Mzee avue shati.

"Picha isiyo na uso ni ya nani?" aliuliza Mzee Shilinde.

"Ni ya njia, baba. Njia ya misafara."

"Basi kaipige njia. Ile pale nje, haina shati."

"Ni bega tu, baba."

"Atakayeliona atasema ni kisigino cha mchunga ng'ombe. Mimi nilikuwa mnyampara. Piga uso, upige na fimbo yangu."

Marehemu alipiga uso na fimbo, akafunga kamera bila kuaga.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na Bi Apolinaria tarehe 9 Novemba 1929, mjini Tabora, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mama Apolinaria alivumilia chumba cha giza kilichomeza stoo yake, na beseni za dawa ambazo hakuruhusiwa kufulia. Wengi wenu mnakumbuka Krismasi ya mwaka 1952, alipokuja kanisani na miwani ya kusomea yenye kioo kimoja, akaimba nyimbo zote amefumba jicho la kushoto. Alisema mbuzi wa jirani ameikanyaga. Jirani huyo, Bi Maua, alikuja na mayai kuomba radhi. Mama Apolinaria aliyapokea huku akitazama chini.

Mzee Shilinde, aliyekuwa ameletwa Chemchem kwa matibabu mwishoni mwa mwaka huo, alifariki Mei 1953. Kioo cha karibu, chenye upana sahihi na nguvu sahihi, kilifika kutoka Nairobi mwezi uliofuata. Marehemu alikifungua mbele ya watu waliokuwa bado matangani, akakitazama, akakirudisha katika kiboksi chake.

Tangu hapo familia haikumwacha. Dada yake mkubwa, Marcelina, mama yake Modest, alimwambia kila walipokutana, "Mabega ya watu wote unayo. La baba yako liko wapi?" Naye alijibu neno lile lile. "Kioo kilichelewa, dada." Modest pia aliona huo ni uzembe wa mtu aliyechagua vifaa kwa miaka saba na kukosa kimoja kilichotakiwa. Alidhani mjomba wake angetumia kamera ya mbao, nzito au si nzito, na jambo likaisha. Hakumwambia hivyo, lakini marehemu alikuwa mtu wa kusoma nyuso.

Marehemu alianza kuumwa moyo Agosti 1958. Alitibiwa hospitalini mjini Tabora, akapata nafuu wakati wa Noeli, kisha akazidiwa baada ya Pasaka. Siku zake za mwisho aliomba mkoba wake uletwe kitandani. Alitoa kimoja kimoja, akimwambia Imakulata kipi kitamfaa na kipi kiuzwe, hadi ikabaki kamera, kioo kimoja na ule uzi. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 14 Aprili 1959, saa tatu asubuhi. Fundi Anton alipokuja kuchukua kipimo cha jeneza hakuwa na kamba, akauona uzi juu ya meza. Mama Apolinaria aliuchukua, akampa Anton kanga yake apimie.

Marehemu ameacha mjane, Apolinaria, watoto, Justus, Flavia na Imakulata, wajukuu, dada yake Marcelina, mpwa wake Modest na wapwa wengine, na rafiki yake Twalibu Shomari, ambaye amesimamisha saa zote za duka lake kwa siku mbili hizi.

Wasifu ulikuwa umeishia hapo, ukiwa umekwisha kupigwa taipu. Maneno yafuatayo yameongezwa leo asubuhi nyuma ya karatasi, kwa ruhusa ya mjane. Anton alipokwisha kupigilia msumari wa mwisho, Mama Apolinaria alimwita Modest kando.

"Sasa naweza kusema, mwanangu. Mbuzi wa Maua hakuwa na kosa."

Desemba 1952, alisema, Mzee Shilinde aliketi kitandani mwa wageni pale Chemchem, akavua shati bila kuombwa. "Leta huo uzi wako wa sanda," alimwambia mwanawe. Marehemu akajibu kwamba kioo bado hakijafika. Mama Apolinaria ndiye aliyevua miwani yake, kwa kuwa kioo cha kusomea nacho huleta kitu karibu. Mzee Twalibu akakikata na kukitia katika pete ya bati bila kuuliza cha nani. Mama Apolinaria mwenyewe alishika fundo la uzi begani mwa mkwewe.

"Goweko wananijua mnyampara," alisema Mzee picha ilipokwisha pigwa. "Sikuwahi kuwa. Nilibeba mimi, Ujiji hadi pwani, mpaka reli ilipokuja. Mkisema ningali hai nitawakana. Wewe, Raymundi, usiseme kabisa. Tukishalala mimi na wewe, huyu mkeo aseme, tena asiseme polepole."

Marehemu hakusema, hata kwa dada yake. Leo imesemwa, na kwa sauti. Raymundi alale salama karibu na baba yake. Bega lililo mbele ya karatasi hii ni la Mzee Shilinde, mpagazi.