Mistari ya Jackton

Bwana Meneja, Chifu wetu, Pasta Mathew, nyapara wetu Mzee Masese ambaye leo anastaafu pamoja na mama wa nyumba yake, nyapara wetu mpya Chepkirui, wageni wote, na nyinyi wachunaji wenzangu mmekaa kwa nyasi kwa sababu viti vimeisha: hamjambo? Na wenyeji wetu, chamgei. Vizuri. Nimeambiwa nisalimie wakubwa kwanza. Nimemaliza.

Mimi ni Jerusa, Mama Phelix. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo hii hotuba haiko kwa karatasi. Iko kwa kichwa, na kichwa iko na njaa. Itakuwa fupi.

Wamesimama hapa watu wanasema Mzee Masese hajawahi kutukana mtu. Si kweli. Mimi alinitukana ile siku nilileta majani chai ngumu kwa mizani, na nilistahili. Mimi namsifu na kitu ingine. Namsifu na kosa tulifanya pamoja, mimi na yeye, miaka tano, na hakuna mmoja wetu alijua.

Mnakumbuka mume wangu, Jackton. Hapa kila mtu ana mistari yake ya chai, majani yakiota tena anarudi hapo hapo. Ya Jackton ilikuwa kando ya yangu, kule juu karibu na miti ya kuni. Alipokufa tukamzika, nikarudi kazi. Nikamaliza yangu. Nikaangalia yake, hakuna mtu amewekwa. Nikasema, kumbe Mzee ameniachia. Nikikataa nitamwaibisha. Nikaingia, nikachuna.

Miaka tano. Saa nne nyinyi mnakaa mnakunywa chai, mimi nimesimama kwa mistari ya Jackton. Saa nane mvua ya mawe inakuja, nyinyi mko kwa kibanda, mimi napigwa kichwa huko juu. Kwaya niliacha. Mtu atasema, si ulipata kilo? Nilipata. Nikanunua nazo dawa ya kuchua mgongo.

Na nani alinituma? Bwana Meneja, ni wewe? Pasta, iko kwa Biblia? Jackton ndiye alisema? Jackton! Nyinyi mlimjua. Huyo mtu hata akiwa mzima hakuwahi kumaliza hiyo mistari. Alikuwa anafika katikati anaanza hadithi, na ni mimi nilikuwa namalizia. Yaani nimemfanyia kazi zaidi akiwa amekufa kuliko vile yeye alijifanyia akiwa hai.

Sasa Jumanne hii, Mzee alikuwa anazungusha Chepkirui, anamwonyesha kila mtu anachuna wapi. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga epron, hawakuniona. Chepkirui akauliza hii ni ya nani. Mzee akamwambia, hiyo usiguse, ni ya Mama Phelix, huyo mama hawezi kubali mtu mwingine aingie, na mimi nimechoka kuitetea huko ofisi kila mwezi.

Nikasimama. Nikamwambia, "Mzee, mimi naingia hapa kwa sababu wewe uliniachia."

Akaniambia, "Mama, mimi nilikuachia kwa sababu wewe uliingia."

Tukaangaliana. Mzee akatoa kofia. Akakaa chini kwa matope, na suruali ya ofisi. Akacheka mpaka nikafikiri nitaita gari ya wagonjwa. Mimi pia nikacheka. Kumbe tumebebeana mzigo, na kila mtu anafikiri ni ya mwenzake.

Lakini Chepkirui hakucheka. Yeye ni mtu wa kazi. Akauliza, "Sasa Jumatatu niandike nani hapo?"

Mimi nikafunga epron tena, na ilikuwa imefungwa. Kwa sababu mtu mwingine akiingia pale, ndio Jackton ameenda kabisa. Nilirudi nyumba nikafikiria hiyo siku nne.

Chepkirui, jibu ni hii. Andika ule msichana mpya wa kutoka Roret. Anaongea sana, hachoki kuongea, na mikono yake ni pole pole. Hiyo mistari imezoea mtu kama huyo. Na mkimwona hajamaliza, mniangalie mimi vizuri. Nikiinuka kwenda kumsaidia bila kuitwa, nivuteni na epron.

Mzee Masese, nimekuletea zawadi. Hiki ni kikapu cha Jackton. Kiko sawa, si unajua hakukitumia sana. Najua kwenu Kisii iko majani, na najua wewe. Usichune nacho. Weka nyasi ndani, kuku alale. Ukianza kuamka mapema kuchunia majirani wenye hawajakuita, mama hapa ako na namba yangu.

Umetulinda, Mzee. Ulinilindia hata kitu sikutaka, na hiyo bado ni kulinda. Nenda upumzike, na usitafute wa kukuruhusu.

Wenzangu, Jumatatu saa nne nitakuja na kikombe yangu. Mniwekee nafasi.

Asanteni mmenisikia na pilau inanukia hivyo. Mzee, kaa. Mimi pia naenda kukaa.