Jino la Mzee Meno

MAMA PACHA: Haloo, nani mwenzangu? Kioo cha simu kimepasuka, jina silioni.

FUNDI: Mimi, dada. Fundi wa mifupa, wa makumbusho.

MAMA PACHA: Kaka Fundi jamani. Habari za kazini?

FUNDI: Nzuri tu. Pacha hawajambo?

MAMA PACHA: Hawajambo, wananiumiza kichwa tu. Subiri nitoke nje, humu ndani mtandao unakatakata. [Mlango unafungwa] Ehe, sema.

FUNDI: Nimesikia kesho umeitwa ofisini kwa mkuu.

MAMA PACHA: Saa tatu asubuhi. Nakwenda kutia sahihi.

FUNDI: Sahihi ya nini tena?

MAMA PACHA: Barua ya kukiri. Kwamba nilipokuwa nafagia chumba chenu nililigonga jino la yule dinosaria mla nyama, likavunjika, nikatupa vipande. Nikikiri hawanipeleki polisi. Ila kazi ndiyo basi, na barua inakaa kwenye faili. Nani atanichukua tena, hata kufagia choo?

FUNDI: Usi— [mikwaruzo] —hihi.

MAMA PACHA: Sikusikii.

FUNDI: Nasema usitie sahihi, dada.

MAMA PACHA: Sasa nifanyeje? Vipande vimekutwa kwenye pipa langu. Mimi nilidhani changarawe. Nyie kutwa mnatoa mawe kwenye mawe, mimi nitajuaje lipi la kutupa na lipi la miaka milioni? Huyo Mzee Meno wenu kafa kabla dunia haijawa na watu, na bado kaja kuning'ata mimi.

FUNDI: Ni kweli, dada.

MAMA PACHA: Na mwanzoni nilibisha, wewe shahidi. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Nikafika nyumbani, mume wangu ananiuliza, "Hukuligusa hata kwa mpini wa ufagio?" Mama mkwe hata hakuuliza. Kanyamaza tu, na unajua mkwe akinyamaza. Sasa hata mwenyewe sijui. Juzi nimeota naligonga, nimelisikia kabisa, ta. Labda ni mimi kweli.

FUNDI: Si wewe.

MAMA PACHA: Mungu akuweke. Siku ile mkuu ananifokea mbele za watu, ni wewe peke yako uliyeniletea maji. Nimewaambia hapa nyumbani, pale kazini kuna mtu mmoja tu—

FUNDI: Usinisifu, dada.

MAMA PACHA: Nisikusifu kwa nini? Wenzako wote walinigeuzia—

FUNDI: Ulipoingia lilikuwa limeshavunjika.

MAMA PACHA: Umejuaje?

FUNDI: Mtandao huu—

MAMA PACHA: Mtandao uko sawa. Umejuaje?

FUNDI: Lile taya huwa tunaligeuza watu wawili, na mfuko wa mchanga chini yake. Siku ile mwenzangu alichelewa kurudi kutoka kula. Nikasema, aa, miaka kumi na tisa nashika mifupa, nitashindwa na hili? Nikaligeuza peke yangu. Na gundi ya kwenye jino ilikuwa bado mbichi.

MAMA PACHA: Endelea.

FUNDI: Likachomoka, likaanguka sakafuni, likavunjika. Jino pekee lililobaki zima kinywani mwake, refu kama kiganja changu, makali yake bado yanakata. Nainama niokote, nasikia viatu vya mkuu kwenye korido. Nikasukuma vipande kwa mguu chini ya meza. Nikajiambia, akitoka tu naokota. Hakutoka, akanichukua twende stoo. Narudi, umeshafagia.

MAMA PACHA: Ukaniletea maji.

FUNDI: Ndiyo.

MAMA PACHA: Wiki tatu, kaka Fundi.

FUNDI: Kila asubuhi nakwenda mlangoni kwa mkuu. Nikishika kitasa, nageuka narudi. Wote pale nimewafundisha mimi, nikaona haya. Najichukia, dada. Hata chakula hakipiti.

MAMA PACHA: Mambo ya chakula chako usinieleze.

FUNDI: Nisamehe. Kesho nita— [mlio] salio hilo linaisha, kesho nita—

[Simu imekatika. Baada ya muda, simu inaita.]

FUNDI: Haloo? Dada?

MAMA PACHA: Ni mimi. Hii simu ya mume wangu.

FUNDI: Nilikuwa nasema, kesho nitafika kabla yako. Nitamwambia mkuu kwa mdomo wangu, naapa.

MAMA PACHA: Ya kesho ni ya kesho. Nimeweka spika. Mume wangu yupo, mama mkwe yupo, pacha nao nimewaita. Jino limevunjwa na nani?

FUNDI: Shikamoo, mama.

MAMA MKWE: Marahaba. Umeulizwa, mwanangu.

FUNDI: Ni... [mikwaruzo] ...mi.

MAMA PACHA: Rudia, taratibu. Kila mtu asikie.

FUNDI: Nililivunja mimi. Nikanyamaza akasingiziwa yeye. Hakuligusa.

MAMA PACHA: Mmesikia wenyewe. Haya, kaka Fundi. Saa tatu, usichelewe.

[Simu imekatwa.]